Gari moja, sheria tofauti: Jinsi mataifa yanavyokagua magari

TUCHUKUE mfano wa gari dogo la familia lililosajiliwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mnamo Juni 2017. Mnamo Machi 2024 mwenyewe aliliuza, ikiwa imesalia miezi mitatu tu kabla ya siku ambayo sheria ya kwao ilimtaka alipeleke kukaguliwa tena. Katikati ya mwaka huo gari hilo likashushwa melini katika Bandari ya Mombasa, likaoshwa na kung'arishwa, kisha likasimamishwa kwenye yadi kumsubiri mnunuzi.

Mnunuzi Mkenya huliita gari jipya. Injini yake haina kelele, viti havijachanika na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi si nyingi. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatujiulizi tunapokabidhi hela zetu: ikiwa gari lenyewe ni zuri kiasi hiki, mbona mwenyewe alilitoa?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika neno moja la Kijapani, shaken. Hilo ndilo jina la ukaguzi wa lazima ambao kila gari linaloendeshwa barabarani nchini humo lazima lipitie, kwa mujibu wa sheria ya magari ya mwaka wa 1951. Gari jipya la abiria hukaguliwa linapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila baada ya miaka miwili. Gari letu, basi, lilikaguliwa mwaka wa 2020 na tena mwaka wa 2022. Zamu yake ya tatu ilikuwa Juni 2024.

Siku ya shaken wakaguzi hupima breki, usukani, taa, moshi na tairi, na kuhakikisha kuwa nambari ya chesisi inalingana na ile iliyo kwenye hati. Hata hivyo, kinachomuumiza Mjapani kichwa si vipimo vyenyewe bali ni bili. Pamoja na ada ya ukaguzi, hulipa ushuru unaotozwa kulingana na uzito wa gari, hulipa bima ya lazima na humlipa fundi aliyelitengeneza gari ili lisikataliwe. Jumla yake aghalabu hupita yen 100,000. Gari likitimiza miaka 13, ushuru huo wa uzito hupanda, na likifika miaka 18 hupanda tena.

Tusije tukadhani, basi, kwamba Mjapani hutupa gari kwa sababu limeoza. Yeye hupiga hesabu. Hutazama thamani ya gari, hutazama bili inayokuja, kisha huamua kuliuza kabla ya siku hiyo kufika ili mzigo wa gharama umwangukie mwingine. Huyo mwingine, mara nyingi, ni mimi na wewe.

Hapo zamani sheria yao ilikuwa kali zaidi. Hadi ilipolegezwa mwaka wa 1995, gari la abiria lililozidi miaka kumi lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Hata leo, anayekamatwa akiendesha gari ambalo muda wake wa shaken umepita hupoteza pointi sita kwenye leseni yake, na hizo pekee zinatosha kumfungia leseni kwa siku 30. Isitoshe, anaweza kutozwa faini ya hadi yen 300,000 au kufungwa jela miezi isiyozidi sita. Stika inayoonyesha tarehe ya ukaguzi ujao hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na tangu Julai 2023 ni lazima ibandikwe upande wa dereva ili asije akasingizia kusahau.

Tulifuate sasa gari letu hadi huku kwetu. Kabla ya kupakiwa melini, hukaguliwa na kampuni iliyoidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kwa kuzingatia kiwango kinachojulikana kama KS 1515. Ni lazima usukani uwe upande wa kulia na umri wa gari usizidi miaka minane. Ndiyo maana mwaka wa 2024 hakuna gari lililosajiliwa kabla ya 2017 lililoruhusiwa kuingia. Breki, fremu na mitambo hutazamwa. Magari ya kutoka Japani hupimwa pia miale ya nyuklia, sharti lililozuka baada ya mkasa wa kiwanda cha Fukushima wa Machi 2011.

Huo ni ukaguzi halisi, na gari lisilo na cheti hicho hujiletea matatizo bandarini. Baada ya hapo Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) hulisajili, likapewa nambari na kuingia barabarani.

Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Iwapo mnunuzi ataligeuza kuwa gari la kubeba abiria au mizigo kwa malipo, atatakiwa kulipeleka kwenye kituo cha ukaguzi kila mwaka. Matatu, teksi, basi na lori zote zimo katika kundi hilo. Lakini iwapo atalitumia kwenda kazini, kanisani au msikitini na kuwapeleka watoto shuleni, kwa miaka mingi desturi imekuwa kwamba hakuna atakayemuuliza lolote kuhusu breki zake. Labda abadilishe rangi au injini, au gari lihusike katika ajali, ndipo mkaguzi wa serikali atakapoliona tena.

Yaani gari ambalo Japani lingekaguliwa likiwa na miaka mitatu, mitano, saba, tisa na kumi na moja, kwetu hukaguliwa kwa makini likiwa na miaka saba, kisha huachiwa Mungu na fundi wa kando ya barabara. Na ni katika miaka hiyo ya uzeeni, kwenye mashimo na matuta yetu, ndipo linapohitaji kutazamwa zaidi.

Kwenye karatasi mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haizungumzii magari ya biashara peke yake, kwani hutaja pia kwamba gari lolote lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa linapaswa kukaguliwa. Lakini sheria isiyo na kanuni za kuitekeleza ni gari lisilo na usukani. Mwaka wa 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi ambazo zilikusudia kuyafikia magari hayo ya kibinafsi yaliyopita miaka minne, na pia kuruhusu vituo vya watu binafsi vipewe leseni ya kukagua. Mara tu rasimu hiyo ilipotangazwa, malalamiko yalisikika kila pembe ya nchi. Wenye magari waliona mkono mwingine wa serikali ukinyooshwa mfukoni mwao.

Ili kuelewa kwa nini macho ya sheria yetu yameelekezwa zaidi kwa matatu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kwa muda mrefu ukaguzi ulikuwa mikononi mwa kitengo cha polisi. Mnamo Oktoba 2003 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alichapisha kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kila matatu ikatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila abiria na mstari wa manjano ubavuni. Wengi wanakumbuka siku hizo, watu walipotembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu magari mengi yalikuwa yamepanga foleni kukaguliwa au yalifichwa nyumbani. Sheria ya mwaka wa 2012 ilipoiunda NTSA, kazi ya ukaguzi ikahamishiwa huko.

Kilichoiogofya nchi wakati ule kilikuwa matatu iliyojaa abiria ikibingirika, na kanuni zikatungwa kulingana na hofu hiyo. Ukizichunguza sheria za ukaguzi duniani utaona kwamba kila taifa hukagua kile linachokihofia, na humkabidhi kazi hiyo yule linayemwamini. Hilo la pili ndilo gumu zaidi, na mifano yake ni mingi.

Nchini Uingereza ukaguzi huitwa MOT. Ulianzishwa mwaka wa 1960 wakati Ernest Marples alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na mwanzoni uliyalenga magari yaliyotimiza miaka kumi pekee. Idadi ya yaliyoshindwa ikawa kubwa, na mwaka uliofuata umri huo ukateremshwa hadi miaka saba. Mwaka wa 1967 ukateremshwa tena hadi miaka mitatu, na hapo ndipo ulipobaki. Baada ya miaka hiyo mitatu gari hukaguliwa kila mwaka, na asiye na cheti hawezi kulipia leseni ya gari lake. Mwaka wa 2023 serikali ya huko iliwauliza wananchi iwapo ukaguzi wa kwanza usogezwe hadi mwaka wa nne. Jibu likawa la, na mpango huo ukaachwa Januari 2024.

Waingereza hawakujenga vituo vya serikali kwa ajili ya kazi hii. Waliwaachia wenye gereji. Maelfu ya gereji za kawaida zina kibali cha kukagua, na ada ya gari dogo haiwezi kupita pauni 54.85. Ila fundi yuleyule anayekuambia kwamba gari lako limeanguka ndiye atakayekuomba kazi ya kulitengeneza. Msomaji hana haja ya kuelezwa ni kishawishi gani kilichomo humo. Ili kukidhibiti, matokeo ya kila ukaguzi huingizwa kwenye kompyuta za serikali, na yeyote mwenye nambari ya gari anaweza kusoma historia yake bila malipo: lilianguka lini, kwa kosa gani, na lilikuwa limesafiri maili ngapi siku hiyo.

Hapa kuna faida hata kwa Mkenya anayeagiza gari kutoka Uingereza. Kabla ya kutuma hata senti moja, anaweza kuketi Nakuru au Voi akatazama kwenye intaneti rekodi za MOT za gari analoonyeshwa. Akiona kwamba mwaka juzi lilikuwa na maili 90,000 na leo muuzaji anadai lina maili 60,000, ajue anachezewa shere. Hati za shaken nazo huandikwa umbali ambao gari lilikuwa limesafiri, kwa hivyo anayeagiza kutoka Japani ana haki ya kumdai wakala wake hati hizo.

Wafaransa hawakumwamini fundi hata kidogo. Tangu ukaguzi wao ulipoanza kuwa wa lazima mwaka wa 1992, kituo kinachokagua hakiruhusiwi kutengeneza magari. Mkaguzi hukupa orodha ya makosa, nawe huenda kwingine kuyarekebisha kisha ukarudi. Gari jipya hungoja miaka minne kabla ya ukaguzi wa kwanza, kisha kila miaka miwili, na hicho ndicho kiwango cha chini kwa nchi zote za Muungano wa Ulaya. Ujerumani iliamua kuwa kali kidogo: mwaka wa tatu, kisha kila miaka miwili. Stika yao huwekwa kwenye kibao cha nambari upande wa nyuma na rangi yake hubadilika kila mwaka, kiasi kwamba polisi aliye nyuma yako anaweza kujua kwa mbali kuwa umechelewa.

Ajabu ni kuwa hata ndani ya ufalme mmoja sheria hazilingani. Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, huyasubiri magari hadi mwaka wa nne, na huko ni vituo vya serikali tu vinavyokagua. Hakuna fundi mwenye tamaa hapo, lakini kuna hatari nyingine. Mnamo Januari 2020 nyufa ziligunduliwa kwenye mitambo ya kuinulia magari katika vituo hivyo, na kwa kuwa hapakuwa na gereji mbadala, ukaguzi wa magari mengi ulisitishwa. Maelfu ya wenye magari wakajikuta hawana pa kwenda, na serikali ikalazimika kuwaongezea muda vyeti vyao. Anayeweka mayai yote katika kapu moja ajue hatima yake kapu hilo likianguka.

Marekani nako hakuna sheria moja ya taifa kuhusu gari la kibinafsi. Kila jimbo hujiamulia. New York na Pennsylvania hukagua kila mwaka. Florida iliachana na ukaguzi mwaka wa 1981. New Jersey iliacha kukagua mitambo ya magari ya kibinafsi mwaka wa 2010, ikabakisha kipimo cha moshi. Texas, jimbo lenye mamilioni ya magari, ilifuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia Januari 1, 2025. Kipimo cha moshi kilibaki katika kaunti zenye miji mikubwa, na ada ya dola 7.50 iliyokuwa ikilipwa wakati wa ukaguzi haikufutwa pamoja na ukaguzi wenyewe. Ilipewa jina jingine, na mwenye gari akaendelea kuilipa. Tabia za serikali, inaonekana, hazijui mipaka ya bahari.

Afrika Kusini wana njia yao. Gari la kibinafsi hukaguliwa linapouzwa kwa mtu mwingine, basi. Ukilinunua jipya na kukaa nalo miaka ishirini, hakuna atakayekuita. Sheria hiyo humlinda mnunuzi kuliko inavyomlinda mpita njia.

Tuwatazame sasa majirani zetu, kwani dereva wa lori anayebeba shehena kutoka Mombasa hadi Kigali hupitia tawala tatu za ukaguzi kwa safari moja.

Nchini Rwanda kazi hii ni ya polisi. Magari ya kibinafsi hukaguliwa kila mwaka na ya biashara kila baada ya miezi sita, kwa mashine za kompyuta. Tanzania nayo haina marufuku ya umri kama yetu, bali humtoza ushuru wa ziada anayeleta gari kuukuu. Kule polisi wa usalama barabarani hukagua na kutoa stika, hasa wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kwa magari yaliyotumika yanayoingia nchini, mwaka wa 2021 Tanzania iliacha kutegemea ukaguzi wa ng'ambo ikaanza kuyakagua yanapofika Dar es Salaam. Hoja ya wakati huo ilikuwa kwamba ada iliyokuwa ikilipwa ughaibuni ibaki nyumbani.

Uganda ndiyo yenye funzo zito zaidi kwetu. Serikali yake iliipa kampuni ya kimataifa ya SGS kandarasi ya kujenga na kuendesha vituo vya ukaguzi, na mwaka wa 2016 magari yakaanza kuitwa. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Lakini wamiliki walilalamikia ada, wakalalamikia umbali wa vituo, na wabunge wakahoji jinsi kandarasi yenyewe ilivyotolewa. Mwaka wa 2017 Bunge likataka mpango huo ukomeshwe. Mwaka mmoja baadaye nchi hiyo ikashika njia nyingine, ikapitisha sheria ya kuzuia uagizaji wa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kuzuia mikweche mpakani kulionekana rahisi kuliko kuikagua ikishaingia.

Nasi tumefanya vivyo hivyo, ila kwa miaka minane badala ya 15. Tatizo la mlango wa namna hii ni kwamba hulinda siku ya kuingia pekee. Gari lililoingia likiwa na miaka saba halibaki na miaka saba.

Je, ukaguzi wenyewe huokoa maisha? Swali hili halina jibu jepesi. Mwaka wa 2015 ofisi ya Marekani inayochunguza utendakazi wa serikali, GAO, ilitazama majimbo 16 yaliyokuwa yakikagua magari wakati huo. Maafisa wa majimbo hayo waliamini kwamba ukaguzi huondoa magari mabovu barabarani, lakini tafiti zilizofanywa hazikuweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba ajali hupungua. Sababu moja ni kwamba ajali nyingi hutokana na makosa ya dereva, na ile inayotokana na breki mbovu huandikwa mara nyingi kuwa mwendo wa kasi.

Mimi nadhani hoja hiyo haiwezi kuhamishwa ikaletwa kwetu jinsi ilivyo. Magari ya Wamarekani wengi hutengenezwa kwa vipuri halisi na hupita kwenye barabara zenye lami nzuri. Yetu hufungwa breki za bei ya chini zisizojulikana zilikotoka, na kuna tairi zilizochongwa upya kwa kisu ili zionekane zina meno. Kati ya 2021 na 2024 zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika barabara za Kenya. Hata kama ni sehemu ndogo tu ya vifo hivyo inayotokana na ubovu wa magari, hiyo sehemu ndogo ina majina na makaburi.

Lakini ukaguzi wa jina tu hauna faida, na hili tunalijua kutokana na matatu. Si siri kwamba wapo wamiliki ambao huazima tairi mpya kwa siku moja, wakazifunga kwenye gari, wakapita ukaguzi, na jioni wakazirudisha kwa mwenyewe. Kizima moto na pembetatu za tahadhari nazo huzunguka kutoka gari moja hadi jingine. Vidhibiti mwendo huunganishwa asubuhi na kukatwa mchana. Stika kwenye kioo inasema gari lilikuwa zima saa nne asubuhi ya tarehe fulani. Haisemi lolote kuhusu saa kumi.

Kuna pia hesabu ambayo wanaotunga kanuni hawana budi kuifanya hadharani. Tuseme gari moja huchukua dakika 20 kwenye njia ya ukaguzi. Kwa siku ya saa nane, njia moja itapitisha magari 24. Kwa siku 250 za kazi, hayo ni magari 6,000 kwa mwaka. Ukitaka kukagua magari milioni moja ya kibinafsi kila mwaka, utahitaji njia zipatazo 167 zinazofanya kazi bila mashine kuharibika, umeme kupotea au mkaguzi kuugua. Ukikagua kila baada ya miaka miwili, utahitaji nusu yake. Pasipo njia hizo, foleni zitazaliwa, na penye foleni ndefu, hongo haikawii.

Ndiyo maana naona suala la vituo vya watu binafsi haliepukiki, ila lisiigwe kutoka Uingereza kikamilifu. Kwa hali yetu, lingefaa zaidi lile sharti la Wafaransa: anayekagua asiuze kipuri wala asishike spana. Kutoka kwa Waingereza tuchukue kile kitabu chao kilicho wazi, ili mtu anayenunua gari la mkono wa pili au wa tatu huko Kisumu au Malindi aweze kusoma lilipoanguka na sababu yake. Leo mnunuzi wa namna hiyo hana jingine ila kwenda na fundi wake, kufungua boneti na kuomba dua.

Suala la ada nalo si dogo. Mwalimu anayemiliki gari la mwaka wa 2006, analolitumia pia kubeba maziwa asubuhi, hawezi kulinganishwa na tajiri anayebadilisha gari kila miaka mitatu. Sheria ya umri humwangukia mwenye gari kuukuu, na mwenye gari kuukuu kwa kawaida ndiye asiye na hela. Japani walilitatua kwa njia yao, kwani huko mwenye gari kuukuu aliye na shida huliuza likasafirishwa ng'ambo. Sisi ndio ng'ambo yenyewe. Baada yetu gari haliendi popote isipokuwa kwa wauza vyuma chakavu.

Pengine ingefaa kuanza na vipimo vichache vinavyoua moja kwa moja, yaani breki, usukani, tairi na taa, kwa ada ndogo, na kumpa anayeshindwa muda wa kutengeneza kabla ya kumtoza faini. Uingereza yenyewe tangu 2018 hugawanya makosa katika yale ya hatari, makubwa na madogo. La hatari hukuzuia kuondoka na gari hadi litengenezwe, ilhali dogo huandikwa tu ili ulishughulikie. Mtu hawezi kunyang'anywa gari kwa sababu ya taa ya kibao cha nambari.

Lile gari letu la Juni 2017 lingeendelea kukaa Japani, zamu yake baada ya ile ya 2024 ingekuwa Juni 2026. Mkaguzi angeliweka kwenye mapipa ya chuma yanayozunguka, akakanyaga breki na kusoma kwenye kioo iwapo gurudumu la kushoto linashika sawa na la kulia. Huku, mwenyewe amesikia kitu kikigonga upande wa mbele kila apitapo kwenye matuta, na amepanga kumwona fundi mwisho wa mwezi.